Intaneti ya Kasi kwa Mitaa ya Pembezoni mwa Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye mikutano ya mitaa na makundi ya WhatsApp ya wakazi wa Chanika, Msongola, Kivule, Chamazi, Kwembe, Mabwepande, Kimbiji na Pemba Mnazi. Serikali inapotangaza mpango wa kupeleka intaneti ya kasi kwa wasiofikiwa, watu wa mitaa hii husikiliza taarifa ya habari wakidhani inawahusu wengine, wa mikoani huko. Majibu yaliyopo hapa yameandikwa ili mkazi ajue mpango una nini, haki yake iko wapi, na aanzie mlango gani.

Dar es Salaam si jiji? Sisi tutaitwaje watu wasiofikiwa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake limo kwenye sheria. Sheria ya mwaka 2006 iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, haikusema vijijini peke yake. Inazungumzia maeneo ya vijijini na maeneo ya mijini yenye huduma hafifu. Neno "mijini" limo humo. Mkazi wa Msongola au Pemba Mnazi anapoomba huduma haombi fadhila, anaomba jambo ambalo Bunge lilishalikubali.

Tatizo ni kwamba jiji hutazamwa kwa wastani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Ukichukua minara yote na faiba zote (nyaya nyembamba za kioo zinazobeba intaneti ya kasi) za mkoa ukazigawa kwa idadi hiyo, picha inapendeza, kwa sababu Posta, Masaki, Mikocheni na Kariakoo zinawabeba wengine wote. Halmashauri ya Jiji yenyewe ina Kivukoni upande mmoja na Chanika upande wa pili. Ripoti ikiandikwa kwa ngazi ya mkoa au hata ya wilaya, Chanika haionekani. Ndiyo maana kila barua mtakayoandika itaje kata na mtaa, isiishie kwenye wilaya.

Anayetaka kuona hali halisi aende stesheni yoyote, yaani duka la kuchapa na kutuma fomu mtandaoni, ya kule pembezoni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki na bahasha ya vyeti mapajani. Mwenye stesheni anapakia cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa vizazi na vifo, kiduara kinazunguka, kinafika kama nusu, ukurasa unamtoa nje na anaanza upya. Akirudia mara ya tatu anazima data, anawasha hotspot ya simu ya laini nyingine, anajaribu tena. Ikishindikana humwambia mteja bila kumficha: "Dogo, panda gari nenda Gongo la Mboto, huko itakubali." Kijana analipa nauli ya kwenda na kurudi kwa jambo ambalo mwenzake wa Sinza amelimaliza akiwa kitandani.

Intaneti ya kasi maana yake kasi gani?

Hakuna namba moja inayokubalika duniani kote, na kasi inayotosha leo baada ya miaka mitano itakuwa haitoshi. Kwa matumizi ya nyumbani, angalia kama watu wawili watatu wanaweza kutumia kwa wakati mmoja: mmoja yuko kwenye kikao cha video, mwingine anapakia fomu, mwingine anaangalia somo, na hakuna anayemkatia mwenzake.

Kuna jambo linalowapoteza wengi kwenye matangazo. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), lakini faili unalopakua linapimwa kwa megabaiti (MB). Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo ukiuziwa 10 Mbps, hata mambo yakienda sawasawa utapakua kama MB 1.25 kila sekunde, wala si MB 10. Jua hilo kabla hujasaini fomu ya kufungiwa faiba.

Serikali imepanga nini hasa?

Mipango ni kadhaa na mara nyingi huchanganywa, kwa hiyo tuitenganishe.

Kwanza kuna Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na TTCL, shirika la simu la Serikali, ndiyo inayousimamia kwa niaba yake. Huu ndio unaosafirisha mawasiliano mkoa hadi mkoa na kwenda nchi jirani zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kufikia kilomita 15,000. Mkongo wenyewe hauingii nyumbani kwako, ni kiungo cha katikati.

Pili kuna mradi wa Tanzania ya Kidijitali, unaotokana na mkopo wa dola milioni 150 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021. Ni mkopo, utalipwa na kodi zetu, na hiyo peke yake inatosha kutupa nguvu ya kuuliza unatumikaje. Matunda yake yanayoonekana zaidi ni makubaliano yaliyosainiwa Dodoma Mei 13, 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ya kujenga minara 758 kwenye kata 713. Kampuni zilizogawana kazi zilikuwa tano: Tigo minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Serikali kupitia UCSAF inatoa ruzuku, kampuni inamalizia zilizobaki na kuendesha. Makubaliano hayo yalihusu pia kuiongezea nguvu minara iliyokuwa inatoa 2G tu ili itoe intaneti.

Tatu kuna Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034, ambao ni mwelekeo wa miaka kumi. Mkakati haujengi mnara. Unawapa wananchi kitu cha kushika mkononi na kusema: mliandika hivi, sasa kwetu iko wapi?

Mradi wa minara ulielekezwa zaidi vijijini, na haki ilikuwa hivyo, kwa sababu kuna vijiji ambavyo mtu alikuwa anapanda kilima ndipo apige simu. Lakini kumsaidia mkazi wa kijijini hakuhitaji kumsahau wa Mabwepande.

Fedha za UCSAF zinatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa kampuni zenye leseni za mawasiliano huchangia kiasi cha mapato yao, na Serikali nayo huongeza, pamoja na fedha za miradi kama huo wa Benki ya Dunia. Kampuni hutoa kwenye mapato yanayotokana na wateja, kwa hiyo kila unapojiunga bando kuna senti yako humo.

Kebo za baharini zinatua hapahapa Dar es Salaam. Mbona sisi tulio kilomita chache tu hatuna kitu?

SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na 2Africa nayo imefikishwa hapa. Intaneti ya nchi nzima, na ya baadhi ya majirani zetu wasio na bahari, inaingilia kwenye fukwe zetu. Ina maana ukosefu wetu hautokani na uhaba wa intaneti nchini. Unatokana na kile kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni.

Kipande hicho ndicho ghali. Kampuni ikitaka kuzika faiba inahitaji kibali cha mwenye barabara, TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa za mitaa, na kuna ada ya kupitisha. Kuchimba kwenyewe kunagharimu kuliko waya. Ikipita juu ya nguzo inahitaji makubaliano na mwenye nguzo. Kisha inafika kwenye makazi yaliyojengwa bila kupimwa, nyumba zimebanana huku, kule kuna mabonde, njia ya bodaboda inapita uani kwa mtu. Fundi hajui atapita wapi, na mhasibu wa kampuni anapiga hesabu: kwa gharama hii nitapata wateja wangapi watakaolipa kila mwezi? Masaki hesabu inakubali siku ya kwanza. Zingiziwa haikubali, na haitakubali mpaka mtu aje na ruzuku au apunguze gharama.

Hapo ndipo Serikali ina kazi ya kufanya ambayo haihitaji hata mkopo. Barabara za mitaa zinajengwa kwa lami kila mwaka. Kila barabara inapofukuliwa ingewekwa bomba tupu la kupitishia faiba, kampuni zote zikaja kulipia kupita humo. Tunachokiona sasa ni barabara kumalizika, kuzinduliwa, kisha baada ya miezi watu wa faiba wanakuja kukata lami mpya, na wa maji wanawafuata. Siku mkandarasi atakapofika kwenye mtaa wenu, muulizeni msimamizi wa TARURA mbele ya mwenyekiti: bomba la mawasiliano limo kwenye mchoro? Swali hilo moja, likiulizwa mapema, lina thamani kuliko malalamiko ya miaka miwili baadaye.

Simu yangu inaonyesha 4G na mistari yote imejaa, lakini haifungui kitu. Kwa nini?

Mistari inaonyesha unavyousikia mnara. Haionyeshi mko wangapi mnaougawana. Mnara uliowekwa wakati eneo lilikuwa mashamba ya mihogo sasa unahudumia maelfu ya wapangaji, na usiku saa mbili mpaka saa nne wote wapo mtandaoni. Jaribu saa kumi alfajiri. Ikifunguka vizuri alfajiri na kugoma usiku, shida yenu ni msongamano, na dawa yake ni kampuni kuongeza uwezo wa mnara uliopo au kujenga mwingine.

Ikigoma hata alfajiri, huenda mnara uko mbali au umezibwa. Pugu na Goba zina vilima, na ukishuka bondeni mawimbi yanapita juu yako. Bati na kuta nene nazo zinapunguza. Masafa pia yana tabia zake: masafa ya chini kama megahezi 700 yanafika mbali na kupenya ukuta, ya juu kama 2600 na 3500 yana kasi kubwa lakini hayafiki mbali. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilinadi masafa ya namna hizo zote Oktoba 2022. Ukisikia kampuni imeleta 5G usidhani itakufikia ulipo, kwa sababu kwa kawaida inaanzia penye wateja wenye fedha.

Na umeme ukikatika? Mnara una betri na mara nyingi jenereta, lakini betri zikichoka au mafuta yakicheleweshwa, mtandao unapungua nguvu kisha unapotea. Andikeni saa umeme ulipokatika na saa mtandao ulipopotea. Huo ni ushahidi mzuri sana.

Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima. Itatokea tena?

Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki ziliumia kwa siku kadhaa. Kebo za baharini hukatika, kwa nanga za meli au kwa mitikisiko ya chini ya bahari. Kinga ni kuwa na njia nyingi zinazopita sehemu tofauti, pamoja na kuweka maudhui yanayotumiwa sana kwenye seva za hapahapa nchini ili yasilazimike kuvuka bahari. Mwaka ule mzigo mkubwa ulikuwa kwenye njia mbili zilizopata ajali pamoja. Kebo zaidi zinapunguza uwezekano huo, hazimalizi.

Kwa nini bando ni ghali?

Tuanze na kodi, kwa sababu hiyo iko mikononi mwa Serikali moja kwa moja. Huduma za mawasiliano zina ushuru wa bidhaa wa takriban asilimia 17, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ukipiga hesabu, katika kila shilingi 1,000 unayoweka kama 276 ni kodi hizo mbili kabla kampuni haijalipa kodi zake nyingine. Serikali inayotaka kila mtu awe mtandaoni na wakati huohuo inatoza kuingia mtandaoni karibu sawa na anasa inajivuta miguu yenyewe. Hili tulisemee bila kigugumizi kila bajeti inapokaribia.

Halafu kuna mipaka ya bei. Mwaka 2021 TCRA iliweka kiwango cha chini cha shilingi 2.03 na cha juu cha shilingi 9.35 kwa MB moja. Kwa GB moja hiyo ni kati ya shilingi 2,000 na ushee na 9,500 na ushee. Wengi wanakumbuka Aprili 2 ya mwaka huo, vifurushi vipya vilipoanza, watu wakaamka na MB chache kwa pesa ileile. Kelele zilikuwa kubwa na vifurushi vya zamani vikarudishwa haraka. Sauti za watumiaji zilisikika ndani ya siku hizohizo.

Kipimo kinachotumiwa na Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi kinasema huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pato la Mtanzania kwa mwaka ni takriban dola 1,200, yaani kama dola 100 kwa mwezi, hivyo asilimia 2 ni dola 2. Lakini hilo ni wastani. Mama anayeuza vitumbua Mbondole hapati dola 100 kwa mwezi, na ndiye anayeambiwa aombe mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni.

Na simu janja?

Mtandao ukifika na simu ikawa ya kitochi, haujafika. Takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, kwa Afrika Kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2023 zinaonyesha kwamba waliokosa kabisa mtandao wa intaneti ya simu walikuwa kama asilimia 13 ya watu, na walio ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawautumii walikuwa kama asilimia 60. Tofauti hiyo haizibwi na mnara. Inatokana na bei ya simu, bei ya bando, kutojua namna ya kutumia, na kwa wanawake wengi, simu ya nyumbani kuwa ya baba.

Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa hoja kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Mwaka mmoja ni mfupi mno kupima jambo kama hilo. Ingefaa msamaha urudi pamoja na usimamizi wa bei madukani. Kwa sasa wengi wanapata simu kwa mkopo wa kulipa kila siku. Kabla ya kuchukua, jumlisha malipo yote mpaka mwisho uone simu itakugharimu kiasi gani, na uliza itafungwa baada ya siku ngapi usipolipa.

Faiba itafika lini mtaani kwangu, na nitaiombaje?

Tarehe atakuambia mwenye kampuni, na yeye anatazama idadi ya wateja. Kwa hiyo msiombe mmoja mmoja. TTCL ina huduma ya faiba mlangoni, na kampuni nyingine kadhaa zinafanya hivyo. Kusanyeni kaya 20 au 30 za barabara moja, shule binafsi, zahanati, stesheni na kanisa au msikiti, muorodheshe namba za nyumba na majina ya barabara kama yalivyo kwenye anwani za makazi za mwaka 2022. Vile vibao vya namba watu wanavyovibeza vina kazi hapa: fundi anajua aje wapi na kampuni inajua nyumba zimekaaje. Orodha ya namna hiyo ikimfikia mtu wa mauzo, anaibeba mwenyewe kwa bosi wake.

Ulizeni mapema gharama ya kufungiwa, ruta ni yenu au ya kuazima, na mkihama itakuwaje.

Mnara ukijengwa karibu na nyumba unaleta saratani?

Watu wanauliza kwa hofu ya kweli, na wanastahili kujibiwa bila kudharauliwa. Mawimbi ya mnara si ya aina ya eksirei, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani kwa sababu ushahidi ulikuwa mdogo na usiotosha kukata shauri. Kuna viwango vya kimataifa vya usalama, na nguvu inayokufikia chini ya mnara kwa kawaida iko mbali chini ya viwango hivyo. Simu unayoibana sikioni inakukaribia zaidi kuliko mnara.

Kinachofaa kuulizwa kwa ukali zaidi ni kelele na moshi wa jenereta, uzio, usalama wa nguzo na kama tathmini ya mazingira ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, imefanyika. Jirani ana haki ya kuyajua hayo kabla zege halijamwagwa.

Setilaiti haiwezi kumaliza tatizo?

Inaweza kusaidia pale ambapo faiba na mnara havitafika hivi karibuni. Setilaiti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu, ndiyo maana mazungumzo yanachelewa. Za kizazi kipya zinakaa kama kilomita 550 na ucheleweshaji wake ni mdogo. Lakini kifaa chake ni ghali kwa kaya ya kawaida, na huduma ya setilaiti inahitaji leseni ya TCRA kama nyingine zote. Kwa shule au zahanati ya Pemba Mnazi ni wazo la maana. Kwa kaya moja moja Chamazi, mnara wenye nguvu utakuwa nafuu zaidi.

Je, wananchi tunaweza kujenga mtandao wetu wenyewe?

Inawezekana, ingawa si rahisi. Kondoa, mkoani Dodoma, kuna mtandao wa jamii ulioanzishwa kwa ushirikiano na wataalamu wa chuo kikuu, ukitumia masafa ya televisheni yaliyo wazi kufikia shule na wakazi. Ugumu uko kwenye leseni, kwenye kumpata fundi atakayebaki, na kwenye kulipia intaneti ya jumla kila mwezi wachangiaji wanapopungua. Kwa mtaa wa Dar es Salaam, njia nyepesi ni kikundi cha vijana kuchukua laini moja ya faiba kwa mkataba unaoruhusu kuuza tena, kisha kugawa kwa Wi-Fi ya kulipia kwa saa. Kugawa bila ruhusa hiyo ni kuvunja mkataba na sheria.

Shule na zahanati zetu zinaingiaje kwenye mpango?

UCSAF imekuwa ikipeleka kompyuta kwenye shule za umma. Mwalimu mkuu aombe kwa barua kupitia halmashauri, na ataje chumba chenye umeme, milango ya chuma na mwalimu atakayesimamia. Kompyuta zikifika penye chumba kisicho na umeme zinakaa kwenye maboksi. Zahanati iunganishwe mapema pia, maana mifumo ya dawa na bima sasa inataka mtandao na mgonjwa hawezi kusubiri kiduara kimalize kuzunguka.

Tuanzie wapi kuomba rasmi?

Anzeni na ushahidi. Kwa wiki mbili, wakazi kama kumi wa sehemu tofauti za mtaa wapime kasi asubuhi, mchana na usiku, wapige picha ya skrini yenye tarehe na saa. Kwenye simu nyingi za Android, sehemu ya "Kuhusu simu", kwenye hali ya laini, kuna namba ya nguvu ya mawimbi yenye alama ya kutoa mbele, ikifuatiwa na dBm. Kwa 4G, -90 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Ikishuka chini ya -110 ni dhaifu. Andikeni na kampuni ya laini, maana huenda moja inasikika na nyingine haisikiki.

Kisha pelekeni ajenda kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa waandike muhtasari wenye mihuri, na idadi ya kaya, shule, zahanati na biashara zinazoathirika. Muhtasari uende kwa mtendaji wa kata, ujadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Kutoka hapo barua iende UCSAF Dodoma, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mbunge, na kwa kampuni yenye mnara wa karibu. Tajeni waziwazi kwamba mnaomba chini ya sheria ya 2006 kama eneo la mjini lenye huduma hafifu. Hakikisheni kila nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Eneo la mnara likihitajika, msimamieni anayejitolea kukodisha kiwanja asome mkataba na mtu anayeelewa sheria. Mingi ni ya miaka mingi.

Huduma tunayolipia ni mbovu, au MB zinapotea. Tulalamike wapi?

Kwanza kwa kampuni yenyewe, na uombe namba ya lalamiko. Simu ya huduma kwa wateja isiyo na namba haina ushahidi. Wakishindwa kukutatulia ndani ya siku 30, peleka TCRA, ambao wana ofisi Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma, ukiwa na namba hiyo na picha zako. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA kuna Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, linaloweza kukuelekeza na kusemea kundi la watumiaji.

Kabla ya yote piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama kuna usiyoijua, ifute.

Barua yetu imekaa miezi bila majibu. Tufanyeje?

Andikeni ya kukumbushia, mkiambatisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na mwombe jambo dogo linalojibika: je, kata yetu imo kwenye orodha ya tathmini, ndiyo au hapana, na kama haimo inakosa sifa ipi? Mpeni mbunge nakala kabla ya kikao cha bajeti ya wizara ya mawasiliano, ambacho hufanyika kati ya Aprili na Juni, kwa sababu wakati huo ndipo waziri husimama kujibu maswali ya wabunge kwa majina ya kata. Diwani naye aombe taarifa ya hali ya mawasiliano iwe ajenda ya kudumu kwenye baraza la madiwani, pamoja na maji na barabara. Mtaa ukipata jibu la hapana lenye sababu, kwa mfano wateja wachache au umbali wa mnara uliopo, rudini kwenye orodha yenu ya kaya na vipimo vyenu, muiongezee yaliyopungua, muipeleke tena.